Ramani Zilizopigiwa Hodi

Matroni hakuwahi kuingia mahali bila kukaribishwa, na simaanishi nyumba za watu tu. Siku ya kwanza kuja dukani kwangu alisimama nje ya mlango, jua likimchoma utosini, akasema hodi. Mimi nilikuwa ndani nakoroga gundi huku mashine ya kopi inanguruma, sikumsikia. Akasema tena. Wateja wakampita, wakaingia, wakanunua kalamu zao wakatoka, yeye bado kasimama palepale na mfuko wake wa kitambaa kaukumbatia kifuani. Nilipoinua macho nikamwambia, "Shikamoo mama, pita tu, hili ni duka."

"Marahaba. Duka la nani?"

"La kwangu."

"Basi ni kwako," akasema, na hakusogea hata kidogo.

Ikabidi nizime mashine na kusema karibu kwa sauti, kama ninavyosema nyumbani. Ndipo akavua viatu akaingia. Mimi nilimcheka moyoni. Nilidhani ni vituko vya uzee, na katika kazi ya kujalidi vitabu mtu hukutana na vituko vingi. Sasa sicheki tena. Matroni amefariki tangu masika yaliyopita, na mimi asubuhi nikifika kazini Nyamagana napiga hodi kwenye duka langu mwenyewe kabla sijagusa kufuli. Mume wangu anasema nimeanza kuchanganyikiwa. Mwacheni aseme.

Mji mzima ulimwita Matroni, kwa hiyo na mimi nitamwita hivyo. Alikuwa ameongoza wauguzi wa hospitali mpaka akastaafu, na nusu ya wanawake wa mtaa wa Mirongo waliwahi kugombezwa naye wakiwa kwenye uchungu. Hata baada ya kustaafu alivaa ile saa ya wauguzi inayobandikwa kifuani ikaning'inia kichwa chini, sweta nyeusi mvua na jua, na raba nyeupe alizozipaka chaki. Alinuka sabuni ya dawa. Kila aliyekutana naye njiani alimwamkia, wazee wenye mvi na fimbo pia, naye aliitikia marahaba huku anakukagua macho kama una upungufu wa damu. Katika miaka yote niliyomjua sikuwahi kumsikia yeye akimwamkia mtu. Wote tulikuwa wadogo zake.

Alichokusanya ni majarida ya kale. Majarida ya vyama vya wasafiri na wapimaji wa Ulaya, taarifa za serikali ya Mjerumani na baadaye ya Mwingereza, ripoti za madaktari na za mabwana shamba, karatasi zilizogeuka rangi ya chai. Mwishoni mwa nyingi kuna ramani iliyokunjwa, kubwa kuliko jarida lenyewe, ya kukunjua kama shuka. Hizo ndizo zilizomleta kwangu, maana mikunjo huchanika kwanza. Kiingereza alikisoma vizuri. Kijerumani alikisoma na kamusi, neno baada ya neno, kama mtu anayechambua pamba, na akikwama alikuwa na sista mmoja mzee wa kumuuliza.

Majarida hayo kwake yalikuwa wagonjwa. Nyumbani kwake, kile kinyumba kilichojibanza katikati ya mawe huko Mirongo, chumba cha nyuma kilikuwa wodi. Jarida jipya halikuchanganywa na mengine. Lililala kwanza peke yake ndani ya sanduku lenye majani makavu ya mwarobaini, wiki kadhaa, mpaka Matroni aridhike kwamba halina wadudu. Akiniletea kazi alinieleza hali yake. "Huyu ana kikohozi," yaani lina ukungu. "Huyu mgongo umevunjika." Na lile lisilofaa tena alilishika mkono mmoja chini, mmoja juu, akasema taratibu, "Huyu tumtunze tu, Fundi. Hatoki hospitali."

Ungemwona hivyo ungefikiri ni mtu wa mizimu. Hakuwa. Ukimtajia jini alikasirika. "Majini ni ya watu wavivu wa kupima malaria," alisema, na alimfukuza mganga mmoja mtaani kwake kwa ufagio. Sukari aliipima kwa kijiko, akasawazisha kwa kisu, hata kama mgeni ni padri. Lakini mama asiyemjua kabisa akikwama stendi na mtoto mgonjwa alimlaza kitandani kwake, yeye akalala kwenye mkeka. Kanisani alikaa benchi la mbele na kumsahihisha katekista. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuwa anapiga hodi kwa ramani.

Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza nilipompelekea kazi nyumbani. Aliniambia ninawe mikono, nami nikanawa. Akaliweka jarida mezani, akalifungua mpaka kwenye ramani, akaiacha bado imekunjwa. Akasimama wima, mikono ameifumbata mbele. "Hodi," akasema. Akanyamaza. "Hodi." Kimya kingine, kirefu mpaka nikasikia saa ya kifuani kwake. "Hodi wenyewe." Halafu akatikisa kichwa, akalifunga jarida na kulirudisha rafuni.

"Vipi tena?" nikauliza.

"Hawapo. Au hawataki."

Nilitaka kucheka lakini uso wake haukuniruhusu. Nikamuuliza kama ndiyo mambo ya mizimu hayo, akaniangalia kama mwanafunzi wa uuguzi aliyeangusha sindano.

"Nani kasema mizimu? Nimesema wenyeji. Hawa waliochora, Fundi, walipanda juu ya jiwe la mtu bila kumuuliza. Wakaandika jina lake vibaya, wakahesabu nyumba zake, wakaondoka. Sasa na mimi nikunjue tu, niingize kidole katikati ya uwanja wa watu? Siongezi kosa juu ya kosa."

"Na utajuaje kama wamekukaribisha?"

"Ukiingia wodini unajua nani yu macho kabla hujamwona," akasema, na hayo ndiyo maelezo yote niliyopata kwa miaka.

Kwa hiyo katika wodi ile kulikuwa na ramani alizozikunjua na kuzisoma mpaka anazijua kwa moyo, na nyingine, nyingi tu, ambazo hajawahi kuziona ndani. Mkusanyaji gani huyo? Nilimtania. Nilimwambia ni sawa na kununua soda halafu ukaikodolea macho. "Mwenye soda hajaniambia ninywe," akajibu, akaendelea kupima sukari.

Hodi za watu wengine alizikagua vilevile. Kuna bwana mmoja alikuwa anajenga hoteli ufukweni, akasikia habari za ramani, akataka kuzikata na kuzitia kwenye fremu ukutani, juu ya vitanda vya watalii. Alikwenda Mirongo na gari lake. Alisema hodi, lakini aliisema mguu ukiwa tayari sebuleni. Matroni akamwambia arudi nje aanze upya. Yule bwana akadhani ni utani, akakaa kwenye kiti. Matroni alizima redio, akachukua ufagio ulioshughulika na mganga, akaanza kufagia kuanzia kwenye viatu vya bwana mkubwa kuelekea mlangoni, bila neno, mpaka mwenyewe akajikuta barazani. Hoteli ilikuja kupambwa kwa picha za twiga.

Na karanga. Siku moja stendi ya Buzuruga alinunua karanga za kukaanga, akazimimina mkononi, akaangalia karatasi iliyozifunga. Ilikuwa ukurasa wa ripoti ya zamani kuhusu ziwa, na kipande cha mchoro. Mwanamke aliyekuwa anauza alishangaa kuona bibi wa heshima anafungua pakiti baada ya pakiti na kumwaga karanga kwenye kanga yake. Alizinunua zote. Kisha akamfuata yule mama mpaka kwake, akapiga hodi, akakaribishwa, akala ugali, na akatoka na boksi lililotupwa na familia moja ya wafanyabiashara wa Kihindi waliokuwa wanabomoa stoo ya babu yao. Mtaa mzima tulikula karanga mpaka tukazichukia. Mimi nilimcheka waziwazi siku hiyo, naye akacheka, na nakumbuka nilimpenda sana.

Ndani ya boksi la karanga ndimo lilimotoka jarida ninalotaka kuwasimulia.

Hapa lazima niseme alikuwa anatafuta nini, maana hakukusanya kwa kupenda karatasi. Watu wa mama yake walikuwa Wazinza wa ng'ambo ya ghuba, wakiishi ufukweni kabisa. Ugonjwa wa malale ulipoingia, serikali ya kikoloni ikaamua kwamba pwani ile ni ya mbung'o na watu wote waondolewe. Wakaondolewa, nyumba zikachomwa. Mama yake Matroni alibebwa mgongoni akiwa mchanga, kitovu chake kikabaki kimezikwa pale. Alikulia kwa wageni, akazeeka, na alipokuwa anakufa aliomba jambo moja tu: kaburini kwake uwekwe udongo wa nyumbani, gao moja la kiganja, ili asilale kwa watu. Matroni akaahidi. Kumbe hakuna aliyebaki anayejua ni wapi. Alikwenda ng'ambo mara nyingi, akazunguka, akauliza. Porini ni porini. Kaburi la mama yake lilikaa hivyo, na yeye kila akitoka kulipalilia alikuwa na uso wa mtu aliyefokewa.

Usidhani aliwalaani madaktari wa serikali ile. Hapo ndipo alinishangaza kuliko pote. "Malale inaua," alisema. "Inamfanya mtu asinzie chakula kikiwa mdomoni. Ningekuwa mimi ndiye daktari, na mimi ningewahamisha." Akaendelea, "Lakini ningepiga hodi kwanza. Ningekaa, ningeeleza, ningesubiri wachukue vya kwao." Ripoti moja ilisema pwani ile sasa ni tupu na safi. Neno hilo, tupu, alilifunika kwa kidole kila alipolifikia, akaruka.

Jarida la boksi la karanga lilikuwa la wapimaji, na kichwa cha habari kilitaja pwani ileile. Ramani ilikuwemo, imekunjwa, nzima. Mtu mwingine angeikunjua palepale kwa mama wa karanga, na mimi ningekuwa wa kwanza. Yeye alilitia karantini kwenye mwarobaini, kisha akalipigia hodi. Hawakujibu. Akapiga hodi mwezi uliofuata. Hawakujibu. Miaka ikapita, naamini mnanielewa, miaka, jibu la ahadi yake likiwa mezani pake, na yeye hataki kuinua kona ya karatasi. Nilikasirika. Nilimwambia wazi kwamba anamtesa mama yake kwa ajili ya adabu. Akasema, "Na nikienda kuchota udongo uwanjani kwa watu bila ruhusa, hiyo nayo itakuwa nini?"

Aliwahi kuniachia jarida hilo dukani nilishone mgongo, akaniapisha nisikunjue ramani. Sikukunjua. Nililibana kwenye mbao usiku kucha kama kazi nyingine. Asubuhi mume wangu alinisindikiza dukani, nilipofungua mlango akasita. "Nani anapika kwa kuni humu?" akauliza. Kichochoro chote kile hakuna jiko la kuni, wote tuna gesi au mkaa. Nilisema labda ni takataka zinachomwa sokoni. Lakini moshi ulikuwa ndani, sio nje, na ulikuwa na harufu ya samaki anayebanikwa. Nilipomrudishia Matroni jarida nikamweleza kwa mzaha. Hakucheka. Alifurahi kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameomba uji.

Halafu masikio yakaanza kumziba. Kwanza hakusikia adhana, kisha simu, mwishowe hata mvua juu ya bati. Alipewa kifaa cha kusikia akakifungia kabatini, akidai kinampigia kelele za sufuria. Sisi tulizoea kumpigia makelele. Yeye aliogopa, na hakuwa mtu wa kuogopa. Siku moja alikuja dukani, akapiga hodi, na niliposema karibu aliendelea kusimama nje kwa sababu hakunisikia. Nikatoka nikamshika mkono. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Fundi," akasema, "labda walishajibu. Labda wanajibu kila siku na mimi sisikii. Njoo unisikilizie."

Nikaenda Mirongo mchana uleule, kwa huruma tu. Tukanawa mikono. Akaliweka jarida mezani, akasimama vile anavyosimama. Chumba kilikuwa na joto, kunguru wanatembea juu ya bati, na jirani anatwanga mahali fulani, mchi unadunda taratibu. "Hodi," akasema Matroni, kwa sauti kubwa ya viziwi. Nikasikiliza. "Hodi." Nikasikiliza. "Hodi wenyewe."

Akanigeukia. "Wamejibu?"

"Hakuna kitu, Matroni. Jirani yako tu alikuwa anatwanga, ameacha."

Nilimwandikia na kwenye karatasi, asije akakosea kusoma midomo yangu. Alisoma, akaiweka karatasi chini taratibu sana.

"Jirani yangu ana blenda," akasema. "Mirongo hii nani anatwanga siku hizi?"

Nilitoka nje kuangalia. Mawe, kamba za nguo, mbuzi mmoja. Nikarudi ndani. Matroni yeye alikuwa ametulia kabisa, anavuta mikono ya sweta. "Mwanamke anayetwanga akisikia hodi," aliniambia, "kwanza mchi unaacha. Hilo ndilo jibu lenyewe. Karibu inafuata baadaye, akishafuta mikono." Kisha akaikunjua ramani, baada ya miaka yote ile, bila haraka, kama anavyofunua jeraha.

Ghuba ilikuwa imechorwa vibaya kidogo, kama kawaida yao. Lakini mchoraji alikuwa ameweka alama ya mawe mawili yaliyoegemeana mdomoni mwa kijighuba, na kando yake jina la kaya, jina la babu yake mzaa mama. Silitaji hapa, si la kwangu kulitaja. Matroni aliliangalia, hakuligusa. "Shikamoo" ilikuwa mdomoni mwake, niliona, lakini hakuitoa.

Tulivuka ng'ambo wiki iliyofuata. Kivuko, kisha bodaboda mbili, kisha mtumbwi wa injini wa mvuvi mmoja wa makamo aliyekubali kutupeleka baada ya kusitasita. Matroni alikaa katikati ya mtumbwi amevaa sweta yake, saa kifuani, ramani ndani ya nailoni mapajani. Ziwa lilikuwa shwari na la kijivu, wadudu wadogo wakipanda juu ya maji kama moshi. Tulikwenda tukiambaa na pwani mpaka mawe mawili yakajitokeza, yameegemeana hasa, kama yalivyochorwa. Mvuvi akazima injini.

Ndipo nikausikia mchi. Ulitoka ndani ya kichaka, taratibu, mmoja, wa mtu aliyechoka lakini lazima amalize.

"Kuna kijiji humo?" nikamuuliza mvuvi.

"Huku hakukai mtu, mama. Hata sisi hatulazi nyavu hapa."

"Sasa nani anatwanga?"

Hakugeuka. Alikuwa anafunga kamba yake kwa umakini ambao kamba ile haikuuhitaji. "Usiniulize mimi," akasema. "Mimi kazi yangu ni kusikiliza injini."

Tulitembea mimi na Matroni. Hapakuwa na njia, miiba tu na majani ya kukata, mpaka tukafika kwenye minyaa. Mliokulia vijijini mnajua minyaa ni ya kupandwa, ni uzio wa kaya. Hii ilikuwa imeachwa mpaka imekuwa miti, lakini bado imesimama kwa mduara, na upande unaoelekea ziwani kulikuwa na pengo. Lango. Mchi ulikuwa ndani humo, karibu mno, ningeweza kusema umbali wa sebule na jiko. Kati ya minyaa niliona majani tu na giza la majani.

Matroni alisimama langoni, akavua raba zake akazipanga pembeni. Akafumbata mikono.

"Hodi."

Mchi ukaendelea.

"Hodi."

Ukaendelea.

"Hodi wenyewe. Mtoto wenu amefika."

Mchi ukaacha.

Hata wadudu wa porini waliacha, au mimi ndiye sikuwasikia. Matroni alinigeukia, uso wake mzima ukiwa swali. "Wamejibu?"

Niliogopa sana, kwa ajili yake kuliko kwa ajili yangu, maana nilijua nikisema ndiyo ataingia, na sikujua kama atatoka. Ningeweza kutikisa kichwa. Angenisadiki, angevaa raba zake, tungekunywa chai kivukoni na kurudi nyumbani wote wawili. Lakini nilimkumbuka amesimama mlangoni kwangu na machozi, na mama yake amelala kwa watu. Yeye alikuwa amenikabidhi masikio. Nikamshika bega, nikasema karibu na sikio lake, "Mchi umeacha."

"Basi anafuta mikono," akasema Matroni, na akasubiri.

Sikusikia kingine chochote, hilo nasema kweli. Lakini baada ya muda niliona Matroni akiinua uso taratibu, kama mtu amekuja kusimama mbele yake. Kisha mwanamke yule, aliyeamkiwa na mji mzima, akakunja magoti kama binti mdogo. "Shikamoo," akasema. Sauti ilikuwa nyembamba, si ile ninayoijua. Akaingia kwenye minyaa na majani yakajifunga nyuma yake.

Nilibaki na raba. Nilizishika mkononi, nikazipangusa, nikazirudisha chini, nikazishika tena. Nilisali nilichokumbuka. Humo ndani kulikuwa kimya, ukimya wa mahali ambapo kazi imewekwa kando kwa sababu kuna mgeni.

Alitoka jua likiwa limesogea. Pindo la kanga yake lilikuwa limefungwa fundo zito la udongo. Alikuwa anatembea vizuri kuliko alivyoingia. Alivaa raba, akatangulia kwenda majini, na nilipomfuata nyuma ndipo nikaona. Mgongoni mwa sweta nyeusi, chini ya mabega, mahali ambapo mtu hawezi kujifikia mwenyewe, kulikuwa na unga mweupe. Viganja viwili. Nilitaka kumpangusa, mkono ukakataa. Ulinuka udaga, ule uchachu wa muhogo uliovundikwa, na Matroni alikuwa hali ila sembe.

Tulipoingia kwenye mtumbwi mchi ulianza tena, mmoja, taratibu. Mvuvi aliwasha injini haraka. Mimi nikainama sikioni mwa Matroni. "Ulimkuta nani?"

"Kuna mama mmoja," akasema. "Wengine wameshatangulia. Yeye kabaki, na kazi yote ni yake."

"Ni nani kwako?"

"Sikumuuliza. Mtu akikukaribisha humhoji." Akalipapasa fundo la udongo. "Nimemwambia nitarudi nimsaidie."

Kesho yake tulikwenda makaburini. Alilifungua fundo, akautandaza udongo ule juu ya mama yake, mweusi kuliko wa pale, akaukandamiza kwa kiganja kama anavyokandamiza bandeji. "Haya mama," akasema. "Sasa hulali kwa watu." Kisha alikaa chini na kulia kwa sauti, na mimi nikalia naye, kwa furaha zaidi kuliko kwa kingine. Yule aliyefokewa hakuwa tena usoni mwake. Alinitengenezea chai siku hiyo na kwa mara ya kwanza hakusawazisha kijiko.

Alifariki masika, usingizini, mchana, kwenye kiti chake. Sweta nyeusi ilikuwa inaning'inia nyuma ya mlango, haijafuliwa. Wanawe walikuja kutoka Dar, wakanipa majarida yote wakifurahi kupata nafasi ya chumba. Nimeyapanga stoo ya duka, kwa utaratibu wake, wagonjwa na wasio wagonjwa. Lile la boksi la karanga lipo peke yake.

Miezi ilikuwa kimya. Juzi niliona gundi ya mgongo wake imeachia, nikalitoa kulishona. Nilinawa mikono. Nilizima mashine ya kopi. Ramani nikaiacha imekunjwa, nikasimama wima, nikajisikia mjinga, nikasema hodi.

Walikuwa wanatwanga. Mbali, lakini vizuri kabisa. Michi miwili, ikipokezana kwenye kinu kimoja, mmoja juu mmoja chini. Mmoja ulikuwa na mwendo ule wa siku zote. Wa pili ulikuwa unachelewa kidogo, unagonga kingo, unajisahihisha, kama wa mtu aliyekaa mjini miaka mingi mno. Papo hapo machozi yakanitoka, na nikajikuta nacheka peke yangu stoo.

Sikupiga hodi ya pili. Nilikaa kwenye kigoda changu, mikono mapajani, nikawasikiliza mpaka ule mchi wa pili ukaukamata mwendo.